Hillsdale walihamisha stesheni ili barabara ipite: kisa cha California na hesabu zake kwa sisi wa Mbeya

Tangu kazi ya njia nne Nsalaga mpaka Ifisi ianze, zile kilomita 29 zinazopasua jiji katikati, kila kijiwe cha Mbeya kina injinia wake. Kaa Mafiati usubiri bajaji ijae, kabla haijaondoka mtu ameshakujengea flaiova tatu kwa mdomo. Siku hizi mada imehamia TAZARA, reli yetu ya Tanzania na Zambia, maana mwaka 2025 ule mkataba wa kuifufua na kampuni ya China ya CCECC ulisainiwa, dola bilioni 1.4, miaka 30, basi watu wanasema reli ikichangamka na sisi tupate treni ya mjini kama ile ya Dar iliyoanza 2012 watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe. Itoke Uyole, ipite stesheni kubwa Iyunga, iende Mbalizi hadi Songwe, foleni ya Mwanjelwa ipungue.

Ndoto nzuri, na Mwakyembe mwenyewe ni mtu wa Kyela, kwa hiyo tuna haki ya kudai. Ila kila mjadala unaishia pale pale: "na reli inapokutana na barabara wajenge flaiova". Imeisha, watu wanaagiza chai nyingine. Mimi kazi yangu ni levo na tepu, napima viwanja na barabara za mitaa, na hilo neno "wajenge flaiova" linanikera kidogo kwa sababu linaruka sehemu yote ngumu. Kwa hiyo leo nachambua kisa kimoja kilichofanyika kweli na kikaisha, cha stesheni inaitwa Hillsdale, mji wa San Mateo, California, Marekani. Nimekichagua kwa sababu pale walikuwa na matatizo mawili, kivuko cha barabara na stesheni ya abiria, wakayatibu kwa mradi mmoja.

Hali ilikuwa hivi. Kuna reli ya abiria inaitwa Caltrain, inatoka San Francisco kwenda San Jose, kama kilomita 76, halafu baadhi ya treni zinaendelea mbele zaidi. Njia yenyewe ni ya zamani, iliwekwa miaka ya 1860, na miji ikaota pembeni yake huku na huku mpaka ikashikana. Kwa hiyo unakuta mji mzima umekatwa vipande viwili na reli, na barabara zinavuka usawa mmoja na reli, geti linashuka, taa nyekundu, kengele, magari yanasubiri. Mpaka leo vivuko vya namna hiyo kwenye ile njia bado ni kama arobaini hivi, na hao ni watu wenye hela. San Mateo tatizo lilikuwa barabara ya 25th Avenue. Kusini yake kidogo kuna 28th na 31st, lakini hizo mbili zilikuwa zinafika relini zinakufa, hazivuki. Ukitaka kwenda upande wa pili unazunguka mpaka 25th usubiri geti, au unashuka hadi Hillsdale Boulevard ambayo nayo imejaa.

Sasa upande wa mashariki wa reli kulikuwa na uwanja mkubwa wa mbio za farasi, Bay Meadows. Ulifungwa mwaka 2008, ukavunjwa, pakaanza kupanda nyumba, ofisi na maduka. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Uwanja wa farasi unajaa watu siku za mashindano tu, mtaa wa nyumba na ofisi unatoa watu kila asubuhi na kila jioni, na hao wote wanataka kuvuka au wanataka kupanda treni. Geti la 25th lisingebeba, na stesheni ya zamani ya Hillsdale ilikuwa imekaa kusini zaidi, mbali na huo mtaa mpya, na plati fomu zake zilikuwa za kizamani za pembeni, moja kila upande wa reli.

Kabla sijaenda kwenye walichofanya, nieleze kwa nini geti ni tatizo kuliko linavyoonekana, maana kuna watu wanasema treni inapita dakika moja tu, tatizo liko wapi. Marekani sheria inataka taa na kengele za kivuko zianze angalau sekunde 20 kabla treni haijafika, halafu treni ipite, halafu geti lipande, magari yaanze kusogea moja moja. Chukua dakika moja kwa kila treni. Zikipita treni kumi kwa saa huku na huku, dakika kumi kati ya sitini barabara imefungwa, na foleni iliyojipanga kwenye dakika moja haiishi kwa dakika moja. Ukiongeza treni ili abiria wafurahi, unawaongezea mateso wenye magari na mabasi. Halafu stesheni ikiwa karibu na kivuko inakuwa mbaya zaidi: treni imesimama inapakia watu na geti limeshashuka mbele yake, dereva wa gari anaona treni imesimama kabisa, haendi, akili inamtuma apite pembeni ya geti. Kuna wanaokufa kwenye vivuko kwa namna hiyo, wanakwepa geti wakidhani wameshaiona treni yote, kumbe kuna ya pili inatoka upande mwingine.

Na honi. Kule treni inapokaribia kivuko lazima ipige honi kwa sekunde 15 hadi 20, mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, alfajiri na usiku wa manane, hakuna cha kulala. Ukiondoa kivuko ile sheria haina pa kushika. Nimeona watu wakichambua miradi hii kwa faida ya foleni tu wanasahau kwamba aliyenunua nyumba pembeni ya reli anachotaka yeye ni usingizi.

Haya, walifanyaje. Kinadharia kuna njia tatu za kutenganisha: unainua barabara ipite juu ya reli, unashusha barabara ipite chini ya reli, au unainua reli yenyewe. Na hapa ndipo wale mainjinia wa Mafiati wanapoteleza, kwa sababu kila njia ina bili ya urefu, na bili hiyo inatoka kwenye mwinuko.

Tuhesabu kidogo, hesabu za kijiwe lakini za kweli. Barabara ipite juu ya reli yenye nyaya za umeme, unahitaji nafasi ya mita saba na kitu kutoka kichwa cha reli mpaka tumbo la daraja, ongeza unene wa daraja, unafika kama mita 8.5. Barabara ikipanda kwa asilimia 6, yaani mita 6 kila mita 100, unahitaji mita 140 za kupanda na mita 140 za kushuka, bado hujaweka mikunjo ya juu na ya chini ili gari lisiruke. Kwa hiyo karibu mita 300 za mtaa zinageuka kuwa ukuta. Duka lililokuwa linatazama barabara sasa linatazama zege. Nyumba iliyokuwa inatokea barabarani haitokei tena. Hapo fidia ndipo inapozaliwa.

Ukiinua reli badala yake, mambo yanageuka. Lori linahitaji nafasi ndogo kuliko treni yenye nyaya, mita tano na kitu zinatosha, ongeza daraja, tuseme mita 7 jumla. Lakini treni haipandi kama gari. Ukiipa asilimia 1 ni mita 700 za kupanda kila upande, ukiibana mpaka asilimia 2 ni mita 350. Ni ndefu sana. Ila ukishalipa urefu huo, umeshapata kipande kirefu cha reli kilicho juu, na chini yake unaweza kupitisha barabara moja, mbili, tatu, bila kulipa tena mteremko. Ndiyo maana kuinua reli kwa ajili ya kivuko kimoja ni anasa, kuinua kwa ajili ya vivuko vitatu vilivyopangana ni akili.

San Mateo walifanya mchanganyiko: reli wakaipandisha, barabara ya 25th wakaishusha kidogo, kila mmoja akasogea nusu njia. Na kwa kuwa reli ilikuwa juu tayari, 28th na 31st ambazo zamani zilikuwa zinafia relini wakazifungua zikapita chini. Kwa hiyo kivuko kilichokuwepo kilikuwa kimoja, waliopata ni njia tatu. Mtaa mpya wa Bay Meadows ukaunganishwa na upande wa pili, ambako kuna barabara kubwa ya El Camino Real na maduka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kwenye kisa chote, na kwenye muhtasari wa mradi huwa imeandikwa mstari mmoja tu.

Sasa stesheni. Plati fomu haikai kwenye mteremko. Treni ikisimama lazima iwe karibu tambarare, mzee mwenye mkongojo na mama mwenye kigari cha mtoto wasianze kuteleza, na pengo kati ya behewa na plati fomu liwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Ukishainua reli kuanzia kaskazini ili upite juu ya 25th, 28th na 31st, lazima mahali fulani ianze kushuka irudi chini, na ukifuata mstari huo unakuta stesheni ya zamani imekaa upande huo wa kusini. Ukiipigania ibaki pale pale unaharibu mwinuko wa reli, na vivuko vyako vinaanza kupotea kimoja kimoja. Wao waliihamisha stesheni kwenda kaskazini, mitaa michache, ikakaa juu ya kipande kilichoinuliwa, kati ya 28th na 31st, mlangoni kwa mtaa mpya. Badala ya plati fomu mbili za pembeni wakaweka moja katikati ya reli mbili, unaifikia kwa kupanda kutoka chini, huvuki reli hata moja.

Hiyo ya kutovuka reli sio ndogo. Caltrain ilikuwa na stesheni kadhaa za kizamani ambazo abiria wa upande mmoja lazima akatize reli ya kwanza kwa miguu ili afike plati fomu yake. Kwenye stesheni za aina hiyo kanuni ilikuwa kwamba treni moja ikiwa inashusha watu, treni nyingine inayokuja lazima isubiri nje mpaka ya kwanza iondoke, la sivyo itawakuta watu wamesimama relini. Fikiria treni ya haraka, mamia ya abiria wamekaa ndani, inasimama porini kusubiri watu kumi na tano washuke. South San Francisco ilikuwa hivyo mpaka ikajengwa upya, plati fomu ya katikati na njia ya chini ya watembea kwa miguu, ikafunguliwa Januari 2022. Ukiuliza kwa nini stesheni ikipanuliwa treni zinaongezeka hata bila kununua behewa jipya, sehemu ya jibu iko hapo.

Pesa. Mradi wa 25th ulipopangiwa hela ulikuwa dola milioni 180. Mamlaka ya reli ya mwendo kasi ya California ilitoa milioni 84, mfuko wa usafiri wa kaunti milioni 74, mji wa San Mateo milioni 12, jimbo milioni 10. Jumlisha mwenyewe, zinafika. Mpaka kazi inaisha gharama ilikuwa imefika kama milioni 206. Kilichonivutia sio kupanda kwa gharama, hilo hata choo cha shule linatokea. Ni kwamba mchangaji mkubwa kuliko wote ni wa reli ya mwendo kasi ambayo haijafika pale. Yeye alijua siku atakapopita hataki geti hata moja, akaweka hela mapema wakati wengine wanajenga. Na ule mfuko wa kaunti unatokana na kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola, wananchi waliipigia kura mara ya kwanza 1988, wakaongeza muda 2004, na kwenye mgao wa 2004 asilimia 15 ilitengwa moja kwa moja kwa ajili ya kutenganisha vivuko. Kwa hiyo hela ya vivuko haishindani na hela ya kuziba mashimo kila bajeti inapofika. Ilishatengwa chungu chake.

Ujenzi ulianza 2017. Treni haziwezi kusimama miaka mitatu, kwa hiyo mkandarasi anajenga huku treni zinapita pembeni yake, na wanaofanya kazi karibu na reli inayotumika wanajua kwamba nusu ya siku inaishia kusubiri ruhusa. Ilipofika Mei 2020 wakaifunga stesheni ya Hillsdale kabisa ili wamalizie kuunganisha, abiria wakaambiwa watumie Belmont, stesheni inayofuata kusini, na basi la kuwapeleka. Stesheni mpya ikafunguliwa Aprili 2021. Karibu mwaka mzima. Ukitaka kuwa mkweli walibahatika kwenye bahati mbaya, maana 2020 ni korona, abiria wa Caltrain walikuwa wameporomoka, wengi walikuwa wanafanya kazi nyumbani. Mwaka wa kawaida kelele zingekuwa nyingine.

Na hapa mimi nina neno. Kwenye ripoti za miradi hii mwaka mmoja wa stesheni kufungwa unaandikwa kama usumbufu wa muda. Kwa msafiri wa California mwenye gari ni usumbufu kweli, anaendesha mpaka Belmont. Weka hiyo hapa kwetu. Mama anayeuza maparachichi na ndizi za Tukuyu kwenye mlango wa stesheni, anayeishi kwa treni mbili tatu za wiki, ukimfungia mwaka ameshahama, na wateja wamehama, na ukifungua stesheni mpya yenye vigae hana pa kuweka beseni. Mradi wetu ukiandikwa bila sehemu ya biashara ndogo iliyopangwa kwenye mchoro tangu mwanzo, itajipanga yenyewe, na itajipanga kwenye ngazi.

Sasa tuje nyumbani. Niliwahi kuongea na mzee mmoja aliyefanya kazi relini miaka mingi, sasa amestaafu anafuga kuku. Nilikwenda kumpimia kiwanja, tukaishia kwenye reli.

"Shikamoo mzee. Hivi nyie zamani kwenye vivuko mlikuwa mnazuiaje magari?"

"Marahaba mwanangu. Bendera na filimbi. Na macho. Gari moja zamani lilikuwa linasimama mwenyewe likiona bendera. Hizi bodaboda zenu hata treni yenyewe haiziogopi."

"Sasa mzee ikija treni ya mjini, kila nusu saa?"

Akacheka. "Kila nusu saa? Basi huyo wa bendera mjengeeni na kitanda hapo hapo, maana hatatoka."

Mzee amesema kitu ambacho wapangaji hukisema kwa kurasa arobaini. Kivuko cha bendera kinavumilika treni zikiwa chache, na TAZARA kwetu treni ni chache kweli. Siku utakayoweka treni ya mjini ndiyo siku kivuko kinakuwa tatizo, kwa hiyo treni na vivuko havipangwi na watu wawili tofauti kwenye ofisi mbili. Na ndio tofauti ya SGR na hii yetu: SGR ya Dar mpaka Dodoma ilianza kubeba abiria 2024 ikiwa na uzio na madaraja ya kupita juu na chini tangu mchoro wa kwanza, mwendo kilomita 160 kwa saa hauruhusu geti. TAZARA ilijengwa 1970 mpaka 1975, wakati Mbeya sehemu kubwa pembeni ya reli ilikuwa mashamba. Huwezi kuilaumu. Unaweza kutulaumu sisi tunaoendelea kupimisha viwanja mpaka kwenye mataruma.

Na hesabu ya mwinuko kwetu ina vituko vyake. Wengi hawajui kwamba sehemu ya juu kabisa ya reli nzima ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi, iko hapa hapa Uyole, mita 1,789 na kitu juu ya usawa wa bahari. Sio Zambia, sio milima ya Makambako yenye mahandaki. Uyole. Maana yake treni ya mizigo inayokuja Mbeya kutoka upande wowote inakuwa imepanda na inahema. Ukiniambia tuinue reli Uyole kama San Mateo, nakuuliza, treni ya shaba yenye mabehewa marefu uiongezee kilima kingine juu ya kilima? Reli inayoinuliwa inataka mahali ambapo tayari ni tambarare na pana urefu. Kwa hiyo karibu na kilele, barabara ndiyo isogee, juu au chini, reli iachwe.

Lakini ukisema barabara ipande juu, kumbuka ni lori gani linapanda. Hili ni jiji ambalo kila mtu anaijua Inyala na mteremko wa Mbalizi, na anajua kinachotokea lori la kontena likikatika breki. Ile asilimia 6 niliyohesabu juu ni ya vitabuni na ya magari madogo. Kwa malori yanayokwenda Tunduma na Kasumulu, yamejaza, mimi ningetaka asilimia 4 au chini. Chukua zile mita 8.5 gawa kwa 4, ni zaidi ya mita 210 kila upande, na mikunjo, karibu nusu kilomita ya barabara inayogeuka ukuta. TAZARA haina nyaya za umeme, kwa hiyo mtu wa bajeti atakwambia punguza kimo, okoa mita moja na nusu. Anaokoa leo. Siku mtakapotaka kuweka umeme daraja lote linabomolewa. Caltrain yenyewe ilikuwa ya dizeli miaka yote, treni za umeme zimeanza kazi kamili Septemba 2024.

Kupita chini nako kuna mvua. Mbeya kuanzia Novemba mpaka Aprili hakuna mchezo, na njia ya chini isiyo na pa kumwaga maji ni bwawa lenye taa. Sehemu tambarare za mji utahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme na mtu wa kuitunza na bajeti ya kila mwaka, vitu vitatu ambavyo vikikutana mara moja hapa kwetu ni sikukuu. Faida yetu ni kwamba ardhi imelala kwa mteremko, kwa hiyo sehemu nyingi unaweza kutoboa mtaro ukatoka chini zaidi maji yakaenda yenyewe. Hapo ndipo wa levo wanahitajika kabla ya wa zege.

Nirudi California kidogo, kwa sababu visa viwili vya majirani wa San Mateo vinaonyesha kinachotokea ukichelewa. Burlingame, mji wa kaskazini yake, wana kivuko cha Broadway ambacho kwa muda mrefu kilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya jimbo ya vivuko vinavyohitaji kutenganishwa. Makadirio yake yalipanda na kupanda mpaka yakapita dola milioni 800. Kivuko kimoja. Linganisha na milioni 206 za vivuko vitatu na stesheni mpya. Kuna sababu nyingi, bei za zege na chuma baada ya korona zikiwemo, lakini sababu ninayoiona mimi mtu wa viwanja ni kwamba San Mateo walikuwa na eneo la uwanja wa farasi lililokuwa linapangwa upya wakati ule ule, na Burlingame kila kitu kilishajengwa mpaka ukingoni.

Redwood City, kusini, wao bado wako kwenye mipango, na mpango wao ni mkubwa kuliko wa Hillsdale: stesheni ya njia nne badala ya mbili, ili treni ya haraka iipite ya polepole hapo hapo, pamoja na kutenganisha vivuko sita, Whipple, Brewster, Broadway, Maple, Main na Chestnut. Njia nne zinataka upana, na pembeni ya stesheni kuna eneo la maduka la Sequoia Station. Kwa hiyo mazungumzo ya reli yamegeuka kuwa mazungumzo ya maduka: nani anatoa ardhi, anapewa nini, anaruhusiwa kujenga ghorofa ngapi ili akubali kusogea. Watu wanadhani mipango ya reli ni ya watu wa reli. Ukiifuatilia unakuta aliyeshika ufunguo ni mwenye supamaketi.

Hilo ndilo ningeomba watu wa Iyunga na Mbalizi walifikirie kwanza kabla ya kuchagua rangi ya treni. Pale stesheni yetu kubwa, treni za mjini zikija, zitahitaji sehemu ya kusimama bila kuzuia treni za mizigo, kwa hiyo njia ya ziada na plati fomu ya ziada, na zote zinataka upana ambao hauwezi kununuliwa tena kikishajengwa kitu. Bajaji na daladala zinataka pa kugeuzia. Njia ya chini ya watembea kwa miguu inataka mahali pa kutokea pande zote mbili, na upande mmoja tu ukiuzwa basi watu watakatiza reli kama kawaida.

Ukienda kwenye mkutano wa mtaa na mtu akaja na picha nzuri ya flaiova yenye taa usiku, usiulize itaisha lini. Mwambie atoe mchoro wa mwinuko wa reli, ule wa ubavuni, kilomita mbili huku na mbili huku kutoka kivukoni, wenye stesheni na vivuko vyote kwenye karatasi moja. Kama kivuko kiko kwenye karatasi yake na stesheni kwenye karatasi nyingine ya ofisi nyingine, mrudishe. Na kama anao, angalia mstari wa reli unaanza kupanda wapi na unamalizia kushuka wapi, kisha tembea kwa miguu sehemu hiyo yote uhesabu mageti ya nyumba za watu. Mimi ningeanza kupima kutoka stesheni ya Iyunga kuelekea Mbalizi, Uyole ningeiweka mwisho, na vigingi vya mpaka wa reli ningeviweka kwa zege mwaka huu huu hata kama treni yenyewe itakuja 2040.